Asakusa hadi Nezu kwa miguu: siku tatu kati ya mahekalu na maduka ya Tokyo ya zamani

Njia hii inaanzia Asakusa, wilaya ya Taito mashariki mwa Tokyo, inapita Kappabashi na Ueno, kisha inamalizikia Nezu. Anayetembea haraka anaweza kuikamilisha kwa siku moja na asione kitu. Tumeigawa siku tatu kwa sababu mahekalu na maduka hayafunguki wala kufungwa kwa wakati mmoja, na katika njia hii mahekalu na masoko yamekaa jirani.

Saa zote humu ni za Kiswahili: saa 12 asubuhi ndiyo 6:00 ya kwenye vibao.

Siku ya kwanza: Asakusa

Tatizo la kwanza ni kituo. Kuna vituo vinne vyenye jina Asakusa, na havikujengwa pamoja. Kile cha mstari wa Ginza, cha mstari wa Asakusa na cha reli ya Tobu vimekaribiana upande wa mto Sumida. Cha nne, cha Tsukuba Express, kiko magharibi, zaidi ya nusu kilomita kutoka kwa wenzake. Ukimwambia mtu mkutane "kituo cha Asakusa" bila kutaja mstari, mtasubiriana. Kwa lango kuu, toka kwa mlango namba 1 wa mstari wa Ginza au A4 wa mstari wa Asakusa. Kutoka viwanja vya ndege vya Narita na Haneda kuna treni zinazoingia moja kwa moja kwenye mstari wa Asakusa bila kubadilisha, lakini si zote, kwa hiyo soma mwisho wa safari kwenye ubao kabla ya kupanda. Kipande cha reli kati ya Asakusa na Ueno kilifunguliwa mwisho wa Desemba 1927, na ndicho cha kwanza cha treni ya chini ya ardhi barani Asia.

Saa 12 kasorobo asubuhi uwe umeshafika Kaminarimon, Lango la Radi, lango la mbele la hekalu la Senso-ji. Saa hiyo maduka yamefungwa na barabara ni nyeupe. Kuanzia saa 4 umati unajaa, na adhuhuri hutaweza kusimama katikati ya lango hata dakika moja. Taa nyekundu ya karatasi inayoning'inia ina urefu wa mita 3.9, upana wa mita 3.3 na uzito wa kilo 700 hivi. Hubadilishwa takriban kila miaka kumi, na hii ya sasa ilitundikwa 2020. Inama uangalie chini yake, utaona joka lililochongwa kwenye ubao, jambo ambalo wengi wanapita bila kulijua. Kulia kwako amesimama mungu wa upepo, kushoto wa radi. Kukija kimbunga, au wakati wa sherehe za Mei, taa hukunjwa juu, na aliyesafiri kuja kuipiga picha anakuta lango tupu.

Lango lenyewe si la kale kama linavyoonekana. La awali liliungua 1865, na mahali pale pakakaa bila lango la kudumu hadi 1960, alipolijenga Matsushita Konosuke, mwanzilishi wa kampuni ya Panasonic. Karibu kila utakachokiona uani ni hadithi hiyohiyo ya moto na kujenga upya. Usiku wa kuamkia 10 Machi 1945 mabomu ya Marekani yaliteketeza mashariki ya Tokyo, na jumba kuu la hekalu, la mwaka 1649, likateketea pia.

Nenda moja kwa moja, usisimame kwenye maduka. Saa 12 kamili inalia kengele ya mnara wa Bentenyama, kilima kidogo upande wa kulia kabla ya lango la pili. Ilisubiwa 1692, na bado hugongwa kila asubuhi. Lango la pili, Hozomon, ni la 1964. Lipite, kisha geuka nyuma: mgongoni mwake zimetundikwa ndara mbili za majani ya mpunga, kila moja mita 4.5 na kilo 500 hivi, kazi ya watu wa mji wa Murayama, mkoani Yamagata. Maana yake ni kwamba shetani akiona ukubwa wa viatu vya mlinzi wa hapa, atageuza njia.

Hekalu la Senso-ji lina asili ya mwaka 628. Masimulizi yake ni kwamba ndugu wawili wavuvi, Hinokuma Hamanari na Hinokuma Takenari, walitupa wavu mto Sumida ukatoka na sanamu ndogo ya Kannon, mwenye huruma wa imani ya Kibudha. Mkuu wa kijiji, Haji no Nakatomo, akaigeuza nyumba yake hekalu. Sanamu hiyo haionyeshwi kwa yeyote. Tarehe 13 Desemba hufunguliwa kwa muda mfupi ile ya pili inayosimama mbele yake, na hiyo tu.

Jumba kuu hufunguliwa saa 12 asubuhi, au saa 12 na nusu kuanzia Oktoba hadi Machi, na kufungwa saa 11 jioni. Kuingia ni bure. Mbele yake, upande wa kulia, kuna kisima cha kunawa. Shika kata kwa mkono wa kulia, nawisha wa kushoto, badilisha, nawisha wa kulia, kisha mimina maji kidogo kiganjani usukutue, na maji yaliyobaki yatelemkie mpini kuusafisha. Yote hayo ni kwa maji ya kata moja. Usiguse kata kwa midomo, wala usiteme ndani ya birika. Chungu kikubwa cha udi kiko katikati: watu wanauvuta moshi kwa mikono kuelekea sehemu ya mwili inayowasumbua. Epuka kukaa upande unakoelekea upepo ukiwa na nguo ya nailoni, maana cheche zinatoboa.

Ndani, juu ya kichwa, kuna joka lililochorwa na Kawabata Ryushi, na pembeni yake malaika wa Domoto Insho. Jumba ni la zege, la mwaka 1958, na vigae vya paa ni vya titani tangu 2010. Vimepunguza sana uzito wa paa lile refu, na uzito wa juu ndio unaoangusha jengo tetemeko linapokuja. Anayesali hutupa sarafu, huunganisha viganja na kuinama bila kupiga makofi. Asiyesali haombwi chochote ila asisimame katikati ya njia na asipige picha ndani. Kuna ibada ya kila siku saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, yenye ngoma. Ukiikuta, kaa kando usikilize hadi mwisho.

Karatasi za bahati, omikuji, ni yeni 100. Unaweka sarafu mwenyewe kwenye tundu, unatikisa kopo la chuma hadi kijiti kitoke, unasoma namba, unafungua droo yenye namba hiyo, unachukua karatasi moja na kurudisha kijiti. Kosa linalotokea kila mara ni droo isiyo yake, kwa sababu namba zimeandikwa kwa herufi za Kichina. Linganisha umbo la kila herufi, mstari kwa mstari. Hekalu hili linajulikana kwa ukali: karatasi 30 katika 100 ni za bahati mbaya, kwani limeshika mgawanyo wa zamani bila kuulegeza. Iliyo mbaya hufungwa kwenye vyuma vilivyowekwa karibu, kamwe si kwenye mti. Iliyo nzuri unaondoka nayo.

Kabla hujarudi nyuma, nenda kulia kwa jumba kuu, upande wa mashariki. Jinja ya Asakusa, yaani hekalu la dini ya Kishinto, inawaheshimu wale wavuvi wawili na mkuu wa kijiji. Ilijengwa 1649 kwa amri ya shoguni (mtawala wa kijeshi) Tokugawa Iemitsu, na moto wa 1945 haukuifikia. Hapa adabu ni nyingine: inama mara mbili, piga makofi mawili, inama tena. Hatua chache kutoka hapo kuna lango la Nitenmon la mwaka 1618, nalo lilisalimika. Mabasi ya watalii hushusha watu karibu yake, wanalipita mbio kuwahi jengo la zege. Kwetu sisi lango hili ndilo la kukaa nalo robo saa, uguse kwa macho mbao zenye zaidi ya miaka 400. Tazama pia miti ya ginkgo iliyonusurika uani: mashina yake yana makovu meusi ya moto ule. Pagoda ya ghorofa tano, iliyo magharibi, ni ya 1973. Kabla ya vita ilisimama upande wa pili.

Saa 4 asubuhi rudi Nakamise, sasa kwa maduka. Ni mtaa wa mita 250 hivi wenye maduka karibu 90, kati ya Kaminarimon na Hozomon. Chanzo chake ni makubaliano ya enzi za Edo, zama za mashoguni: wakazi wa jirani walipewa kazi ya kufagia uwanja wa hekalu, na malipo yao yakawa haki ya kuuza njiani. Mwaka 1885 yalijengwa maduka ya matofali, tetemeko la 1923 likayabomoa, na haya ya sasa ya zege ni ya 1925.

Ningyo-yaki ni keki ndogo za unga, mayai na sukari, zinazookwa ndani ya kalibu za chuma zenye umbo la taa, pagoda au njiwa, na katikati huwa na maharage madogo mekundu yaliyopondwa kwa sukari. Zenye maharage hazidumu zaidi ya siku chache, kwa hiyo za kupeleka nyumbani chagua zisizo na kitu ndani, na soma tarehe. Kaminari-okoshi ni punje za mchele zilizopasuliwa na kushikwa kwa sukari iliyoyeyushwa, ngumu kidogo kama kashata iliyokaa. Hizi zinasafiri vizuri. Age-manju ni maandazi ya maharage yaliyokaangwa, na yanaliwa ya moto.

Usile ukitembea. Simama mbele ya duka ulikonunua, maliza, mrudishie mwenye duka kijiti au karatasi. Mapipa ya taka mitaani ni adimu mno, na umati ukikubana, mchuzi wa soya unaishia kwenye kimono cha kukodi cha mtu mwingine. Chukua mfuko wa taka wako na sarafu za yeni 10 na 100, kwa sababu vibanda vingi vidogo vinapenda fedha taslimu.

Kwa Mwislamu, jihadhari na mafuta ya nguruwe kwenye vitu vya kukaangwa, na mirin, pombe ya mchele inayotiwa kwenye michuzi mingi hata isiyo na nyama. Neno "mboga tu" halikuhakikishii. Asakusa kuna migahawa yenye cheti cha halali, na msikiti wa Dar al-Arqam uko Higashi-Asakusa, mwendo wa dakika kumi na kitu kaskazini mwa hekalu.

Mchana umati ukizidi, vuka barabara mbele ya Kaminarimon uingie kituo cha utalii, jengo la mbao na vioo lililosanifiwa na Kengo Kuma na kufunguliwa 2012. Choo ni safi, na roshani ya ghorofa ya nane ni bure. Kutoka juu unaona jinsi njia yote ilivyonyooka, lango, maduka, lango, jumba, na mnara wa Skytree wa mita 634 ng'ambo ya mto. Baada ya hapo, Denboin-dori na mitaa ya magharibi hadi Rokku, iliyokuwa mitaa ya sinema na maigizo, inatosha saa moja.

Rudi usiku, usiache. Maduka ya Nakamise hufungwa mapema jioni, na milango yake ya chuma ikishushwa inaonyesha michoro ya sherehe za Asakusa mwaka mzima, ambayo mchana haionekani. Majengo ya hekalu humulikwa tangu magharibi hadi saa 5 usiku.

Siku ya pili: Kappabashi, mtaa wa madhabahu, Ueno

Usiifanye siku hii Jumapili, kwa kuwa maduka mengi ya Kappabashi hufungwa. Anza saa 4 asubuhi, ingia kutokea kaskazini ili utokee kusini kuelekea Ueno. Ni mtaa wa mita 800 hivi wenye maduka karibu 170 ya vyombo vya migahawa: sufuria, bakuli, mapazia ya mlangoni, na vyakula bandia vya madirishani. Vyakula hivyo zamani vilikuwa vya nta, sasa ni vya plastiki laini, na kuna maduka yanayokufundisha kutengeneza tempura (kitu cha kukaangwa kwa unga) ya nta kwenye maji ya uvuguvugu kwa kuweka nafasi mapema.

Visu ndivyo vinavyowaleta wapishi. Kwa jiko la nyumbani santoku, kisu cha kazi zote, ya sentimita 16.5 hadi 18 inatosha, na anayekata nyama nyingi achukue gyuto, kisu kirefu zaidi, ya sentimita 21. Uliza mambo matatu: ni chuma cha kaboni au kisichoshika kutu, kimenolewa upande mmoja au miwili, na kama ni cha mkono wa kushoto. Chuma cha kaboni kinanoleka kirahisi na makali yake ni ya ajabu, lakini kwenye unyevu wa pwani kama Mombasa au Zanzibar kitashika kutu usiku mmoja usipokikausha. Kisu cha upande mmoja kwa asiyekizoea kinapinda kikikata boga au muhogo. Jiwe la kunolea namba 1000 ndilo la kuanza nalo. Makali haya ni magumu lakini yanavunjika upesi: mfupa na chakula kilichoganda si kazi yake.

Sheria ya Japani inakataza kubeba kisu chenye makali ya zaidi ya sentimita 6 bila sababu halali. Acha duka lifunge boksi, tunza risiti, usilifungue njiani, na kwenye ndege kiende kwenye mzigo wa chini.

Kuhusu birika za chuma: iliyopakwa enameli ndani ni ya kumiminia chai tu. Ukiibandika motoni, enameli inapasuka. Isiyopakwa ndiyo ya kuchemshia maji, nayo lazima ikaushwe kila baada ya matumizi. Na tafadhali usinunue jiko la wali la umeme bila kusoma kibandiko cha chini. La soko la Japani ni la volti 100. Lichomeke kwenye umeme wa 230 au 240 wa kwetu na litaungua mara moja, na transfoma ya kulibeba ni nzito kuliko lenyewe.

Mwisho wa kusini, juu ya jengo la pembeni, kimekaa kichwa kikubwa cha mpishi mwenye kofia. Hapo pinda kulia, magharibi, kwa Asakusa-dori. Maduka yanabadilika ghafla: ni madhabahu za nyumbani za Kibudha, kabati za mbao nyeusi au dhahabu ambamo familia huweka majina ya wafu wao. Karibu yote yako upande wa kusini yakitazama kaskazini, ili jua lisichubue lakiri, rangi ya kung'aa iliyopakwa mbao. Tembea polepole, tazama kwa dirisha, usipige picha ndani bila ruhusa, kwani wanaonunua mara nyingi ni wafiwa.

Ueno unafika kwa robo saa hivi. Ingia Ameyoko, soko lililobanana chini ya njia ya reli kati ya Ueno na Okachimachi, lililoanza kama soko la magendo baada ya vita kwisha 1945. Samaki wakavu, viungo, viatu, matunda kwenye vijiti. Hapa, tofauti na Nakamise, bei ya samaki inashuka jioni wauzaji wanapopiga kelele, na kuomba punguzo si aibu. Katikati ya soko panda ngazi za Tokudaiji: hekalu zima limekaa juu ya paa la maduka, udi unapanda na sauti za wachuuzi zinaufuata. Kwa swala, msikiti wa As-Salaam uko karibu na kituo cha Okachimachi.

Siku ya tatu: Ueno, Yanaka, Nezu

Bustani ya Ueno yote ilikuwa uwanja wa Kan'ei-ji, hekalu lililoanzishwa 1625 na mtawa Tenkai kulilinda jiji la shoguni. Vita vya 1868 kati ya jeshi jipya la mfalme na wafuasi wa shoguni viliunguza sehemu kubwa. Kilichobaki kimetawanyika: Kiyomizu Kannon-do ya 1631 kilimani juu ya bwawa la Shinobazu, jinja ya Toshogu ya 1651 yenye dhahabu, na pagoda ya 1639 ambayo leo imo ndani ya ukuta wa bustani ya wanyama. Ipige picha kutoka njia ya Toshogu bila kulipa kiingilio cha wanyama.

Panda treni ya Yamanote kutoka Ueno hadi Nippori, vituo viwili, toka mlango wa magharibi. Kushoto, juu ya ngazi, ni Tennoji na Budha wake wa shaba wa 1690, aliyekaa nje kwenye jua na mvua. Makaburi ya Yanaka yanaanzia hapo, na kaburi la shoguni wa mwisho, Tokugawa Yoshinobu, limo ndani ya uzio. Vibao vinaonyesha.

Rudi kwenye barabara ya kituo uelekee magharibi. Lango la Kyoo-ji, upande wa kulia, lina matundu ya risasi za 1868 kwenye mbao, na kidole kinaingia. Mbele kidogo ni ngazi za Yuyake Dandan, na chini yake Yanaka Ginza: mita 170 hivi, maduka karibu 60, ya chai, viatu, samaki, mikate, vitumbua vya nyama. Mitaa hii ilinusurika sehemu kubwa ya moto wa tetemeko la 1923 na wa mabomu ya 1945, ndiyo maana vichochoro ni vyembamba na nyumba ni za mbao. Wenyeji wananunua hapa chakula cha jioni, kwa hiyo usizuie mlango. Baadhi ya maduka hupumzika Jumatatu au Jumanne. Vitumbua vya nyama mara nyingi vina nguruwe, uliza kabla.

Kutoka hapo kusini hadi jinja ya Nezu ni dakika 20 hivi kwa mitaa ya nyuma. Majengo yake ni ya 1706, na malango mekundu ya torii yaliyopangwa safu ni mafupi, ya kupita mtu mmoja mmoja, mrefu ainamishe kichwa. Aprili azalea zikichanua, kiingilio cha bustani ya maua hulipwa na foleni ni ndefu, ila uwanja wa jinja wenyewe hubaki bure. Kituo cha Nezu kiko kwenye mstari wa Chiyoda, ambao haufiki Asakusa. Anayerudi huko atembee dakika 20 kupitia bwawa la Shinobazu hadi Ueno, akapande mstari wa Ginza hadi kituo cha mwisho.